Kusoma sumaku ya miamba ya kale: mwongozo kamili kutoka mwambani hadi kwenye ramani ya mabara

Basalti (miamba myeusi ya lava) za Deccan, magharibi mwa India, leo ziko karibu nyuzi 18 kaskazini ya ikweta. Sumaku iliyofungwa ndani yake inasema zilimwagika zikiwa nyuzi 29 kusini ya ikweta, yapata miaka milioni 66 iliyopita. Tofauti hiyo ni safari ya bara zima, zaidi ya kilomita 5,000, na imesomwa kutoka vipande vya mwamba vinavyotosha kiganjani.

Mwongozo huu unaeleza namna namba hiyo inavyopatikana. Mfano utakaotuongoza ni miteremko ya Mahabaleshwar katika milima ya Western Ghats (latitudo 17.9 kaskazini, longitudo 73.7 mashariki), kwa sababu lava zake zimechunguzwa sana na namba zake zinajulikana. Kazi haibadiliki ukiwa kwenye lava za Gagwe kule Kigoma zenye umri wa karibu miaka milioni 800, au kwenye lava changa za Bonde la Ufa. Kinachobadilika ni mitego, na mingi tutaitaja njiani.

Mwamba unashikaje kumbukumbu

Lava ikiwa moto sana haina sumaku ya kudumu. Inapopoa na kushuka chini ya nyuzi joto 580 za sentigredi, chembe za magnetiti huanza kufuata uga sumaku wa dunia, na zikiendelea kupoa mwelekeo huo hukazwa humo. Hematiti hukaza mapema zaidi, karibu nyuzi 675 hadi 680. Pirotiti hukaza nyuzi 320, na goethaiti, ambayo kwa kawaida ni kutu ya baadaye, nyuzi 120 tu. Kariri namba hizi nne. Ndizo zitakazokuambia maabara ni madini gani yanayozungumza.

Chembe bora ni ndogo, chini ya mikroni moja. Chembe kubwa ni sahaulifu: hushika mwelekeo wa zamani, kisha polepole huukubali uga wa leo.

Tunachosoma ni pembe mbili. Ya kwanza ni mkengeuko (D), yaani pembe kutoka kaskazini ya kweli kuzunguka kulia. Ya pili ni mwinamo (I), yaani jinsi mshale unavyozama chini ya mlalo. Ukizama ni chanya, ukiinuka ni hasi. Mwinamo ndio unaobeba latitudo (λ):

tan I = 2 tan λ

Kwenye ikweta mwinamo ni sifuri, kwenye ncha ni 90, na kwenye latitudo 30 ni karibu 49. Lakini fomula hii ina sharti. Inachukulia kwamba uga wa dunia ni kama wa sumaku mche iliyosimama sambamba na mhimili wa mzunguko wa dunia. Kwa siku moja au karne moja hiyo si kweli, maana uga huyumba. Huwa kweli ukichukua wastani wa maelfu mengi ya miaka. Kwa hiyo lava moja, hata ukiipima kwa ustadi gani, haikupi latitudo ya bara. Inakupa picha ya siku iliyopoa, basi.

Vifaa vya kwenda navyo

Mashine ya kuchoronga inayobebwa mkononi, ambayo mara nyingi ni injini ya msumeno wa kukatia miti iliyobadilishwa, pamoja na biti yenye meno ya almasi inayotoa mche duara wa kipenyo cha sentimita 2.5. Beba biti zaidi ya moja. Basalti ngumu huzila. Maji ya kupoza biti hupitishwa kwa bomba la kupulizia dawa shambani, na linafaa kabisa. Kisha madumu ya maji, kwa sababu maji huisha kabla ya mafuta.

Kwa kupima mwelekeo unahitaji kifaa cha bomba lenye mfuo ubavuni na meza ndogo ya kupimia juu yake, dira ya sumaku, dira ya jua, na saa iliyosawazishwa hadi dakika. Ongeza waya wa shaba nyeupe au nyekundu, tindo isiyoshika sumaku, kalamu za wino usiofutika, na daftari la karatasi. Simu ni nzuri kwa picha na majiranukta, lakini iweke mbali na dira.

Usipokuwa na mashine, bado unaweza kufanya kazi. Tafuta uso bapa wa mwamba, chora juu yake mstari mlalo kwa kutumia pimamaji, pima uelekeo wa mstari huo na mteremko wa uso, kisha banja bonge zima ulichukue. Miche itachorongwa maabara. Kosa la mwelekeo kwa njia hii ni kubwa zaidi, nyuzi kadhaa badala ya mbili hivi, lakini sampuli nyingi za awali zilizothibitisha kuhama kwa mabara zilichukuliwa namna hii.

Hatua ya 1: kuchagua mahali

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na hakuna mashine ya maabara itakayoiokoa.

Tafuta mwamba mbichi: kingo za barabara zilizokatwa karibuni, machimbo ya kokoto, sakafu za mito. Ugonge kwa nyundo. Ukilia kama chuma, endelea. Ukitoa mlio wa kufa na vumbi la kahawia, umeoza. Huko Mahabaleshwar na Panchgani vilele vimefunikwa na lateriti (udongo mwekundu mgumu wa mwamba uliooza), na mita kadhaa chini ya lateriti basalti imeshabadilika. Hematiti na goethaiti zake ni za hali ya hewa ya baadaye, si za siku ya lava.

Epuka vilele na kingo za miamba iliyochomoza. Radi ikipiga, mkondo wake huandika sumaku mpya kali ndani ya mita chache. Kipimo chake ni rahisi: pitisha dira ya kawaida karibu na uso wa mwamba, sentimita chache tu kutoka kwenye jiwe, huku ukisogea polepole. Sindano ikizunguka hovyo ndani ya nusu mita, hapo radi imepita. Hama.

Hakikisha pia mwamba uko mahali pake pa asili. Bonge lililoporomoka lenye ukubwa wa nyumba hudanganya hata macho yaliyozoea. Angalia kama nyufa na tabaka zake zinaendelea na za jirani.

Kila mtiririko mmoja wa lava ni kituo kimoja. Chukua miche 6 hadi 10 kwa kila kituo, ukiitawanya katika mita 5 hadi 10, kwenye sehemu nzito ya katikati ya mtiririko, si kwenye mapovu ya juu. Kisha panda mlima kutoka mtiririko hadi mtiririko. Vituo 10 ni vichache. Lenga 20 au zaidi. Ni afadhali vituo 25 vya miche 6 kuliko vituo 8 vya miche 20, kwa sababu kuyumba kwa uga hupunguzwa na idadi ya nyakati, na wala si idadi ya vipande.

Hatua ya 2: kuchoronga na kupima mwelekeo

Anza kwa kasi ndogo hadi biti itengeneze kitanzi chake, kisha ongeza. Kandamiza kwa uzito wa mkono, si wa mwili. Maji yatoke yakiwa tope laini la kijivu. Yakikauka, zima mara moja, la sivyo almasi huungua na biti hubaki bomba tupu. Nenda kina cha sentimita 7 hadi 10, kinachotosha vipande viwili au vitatu.

Mche ukiwa bado umeshikamana na mwamba, ingiza bomba lenye mfuo. Zungusha meza hadi mfuo uwe juu kabisa. Soma mambo mawili: uelekeo wa mhimili wa mche, na pembe yake na mlalo. Pitisha waya wa shaba kwenye mfuo ukwaruze mstari kwenye mche. Ndipo uuvunje kwa tindo. Ukishatoka, imarisha mstari kwa wino, weka vishale vinavyoonyesha upande wa ndani, na andika jina lake, mfano MB07-3: kituo cha 7, mche wa 3.

Mche ukivunjika na kuzunguka ndani ya shimo kabla hujaupima, utupe. Usijaribu kukisia mstari ulikuwa wapi. Mche ambao mwelekeo wake haujulikani ni jiwe tu.

Dira ya sumaku kwenye basalti haiaminiki moja kwa moja. Lenga kitu cha mbali ukiwa umegusa mwamba, kisha rudi nyuma mita mbili au tatu kwenye mstari uleule ulenge tena. Zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 2 au 3, tumia jua. Dira ya jua ni kijiti na kivuli: unaandika pembe ya kivuli, tarehe, saa na majiranukta, na kompyuta inakupa kaskazini ya kweli. Kwa nchi za joto kuna angalizo: saa za mchana jua likiwa utosini kivuli ni kifupi na uelekeo wake unabadilika upesi mno, kwa hiyo pima kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri. Angalia pia saa uliyoandika inalinganaje na saa ya kimataifa. India iko mbele kwa saa tano na nusu. Ukisahau hiyo nusu, jua umelisogeza kwa nyuzi 7.5 na hutajua kosa limetoka wapi.

Ukitumia dira ya sumaku, sahihisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli kwa mahali na mwaka huo, mara moja tu. Kosa la kuisahihisha mara mbili, kwenye dira na tena kwenye kompyuta, hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Mwisho pima mlalo wa tabaka: uelekeo na mteremko, sehemu tatu au zaidi. Mahabaleshwar lava zimelala karibu sawa. Ukishuka Panvel, karibu na Mumbai, zimepinda kuelekea baharini, na bila kipimo hiki data zake hazina maana.

Hatua ya 3: maabara, kuvua tabaka za sumaku

Kata miche vipande vya urefu wa sentimita 2.2. Uwiano huo na kipenyo cha 2.5 hukifanya kipande kikaribie umbo la tufe kisumaku. Tumia msumeno wenye maji, na uhamishe alama kwenye kila kipande kabla ya kukata, si baada.

Vipande vikae kwenye chumba au sanduku lililokingwa dhidi ya uga sumaku. Pima kwanza usumaku wa asili. Basalti mara nyingi huwa na ampea 1 hadi 10 kwa mita, na magnetomita (kipima sumaku) ya kuzungusha sampuli inatosha. Mawe ya chokaa yanaweza kuwa dhaifu mara laki moja, na hayo yanahitaji magnetomita ya baridi kali. Kipande cha basalti kikitoa makumi au mamia ya ampea kwa mita, huku wenzake wa kituo hichohicho wakielekea kila upande, ujue ni radi.

Usumaku huo wa asili ni mchanganyiko. Ndani yake mna sauti ya siku ya lava, sauti ya uga wa leo iliyojikusanya kwa maelfu ya miaka, na pengine sauti ya maji ya moto au kutu. Kazi ya maabara ni kuzitenganisha, na kuna njia mbili.

*Uga geugeu.* Kipande hutikiswa na uga unaobadilika upande na kupungua hadi sifuri, kila hatua kali kuliko iliyotangulia: militesla 2.5, 5, 7.5, 10, 15, 20, 25, 30, 40, 50, 60, 80, 100. Ni ya haraka, haibadilishi madini, na ndiyo dawa bora ya sumaku ya radi. Lakini hematiti haitikisiki nayo. Ukifika militesla 100 na nusu ya usumaku bado ipo, badili njia.

*Joto.* Kipande hupashwa na kupozwa ndani ya uga sifuri, hatua kwa hatua: nyuzi 100, 150, 200, 250, 300, 350, 400, 450, 500, 525, 550, 565, 580, na kwa miamba myekundu 600, 630, 650, 665, 680. Hatua zikazane karibu na 580 na 680, kwani hapo ndipo mambo hutokea. Tanuri lenye uga uliobaki wa zaidi ya nanotesla 10 litaandika sumaku yake kwenye sampuli zako. Kuligundua, geuza vipande kichwa chini kila hatua ya pili: mwelekeo ukirukaruka mbele na nyuma, kosa ni la tanuri.

Baada ya kila hatua ya joto pima wepesi wa kipande kushika sumaku. Ukipanda ghafla baada ya nyuzi 400, madini mengine, kama pairiti, yamegeuka magnetiti mpya ndani ya tanuri. Data za hatua zinazofuata hapo ni za tanuri, si za mwamba.

Utaratibu mzuri ni kuanza na vipande viwili vya mche mmoja kwa kila kituo, kimoja kwa joto na kimoja kwa uga geugeu. Njia zote mbili zikitoa mwelekeo uleule, endelea na iliyo ya haraka.

Hatua ya 4: kusoma mchoro wa Zijderveld

Mchoro huu, uliopata jina la mtaalamu aliyeueleza mwaka 1967, unaonyesha ncha ya vekta katika kila hatua, ikionekana kutoka juu na kutoka ubavuni kwa wakati mmoja. Nukta zikijipanga mstari mnyoofu, sauti moja inaondolewa. Kona kwenye mstari ina maana kwamba sauti moja imekwisha na nyingine imeanza. Mstari wa mwisho ukielekea kwenye kiini cha mchoro, huo ndio mwelekeo thabiti unaoutafuta. Ukikipita kiini pembeni, bado kuna kitu kigumu zaidi hujakifikia. Nukta zikipinda kama upinde bila kunyooka, sauti mbili zinaondoka pamoja, na itabidi utumie njia ya duara kuu, inayotafuta bapa ambalo nukta zinalifuata badala ya mstari.

Mahabaleshwar tunajua la kutarajia. Uga wa leo, kwa wastani wa muda mrefu, unaelekea kaskazini na kuzama nyuzi 33. Hiyo ndiyo nguo ya juu, na kwa kawaida huvuka kabla ya nyuzi 250 au militesla 15. Chini yake hutokea mwelekeo wa Deccan: ama D = 335, I = −48, ama kinyume chake kamili, D = 155, I = +48. Sehemu kubwa ya lava zilitoka wakati ncha za sumaku zilikuwa zimegeuka, kwa hiyo ule wa pili utauona mara nyingi. Angalia mtego: uga wa leo na Deccan iliyogeuzwa vyote vinazama chini. Anayetazama mwinamo peke yake atavichanganya. Mkengeuko ndio unaovitenganisha.

Kupata mwelekeo kwa namba, tumia uchanganuzi wa Kirschvink wa mwaka 1980, unaotafuta mstari unaozifaa nukta zaidi. Tumia nukta zisizopungua 4, na pembe ya mtawanyiko isizidi 10, au 15 ukiwa na shida. Usichague nukta kwa sababu zinatoa jibu unalolipenda.

Ugumu wa Afrika Mashariki uko hapahapa. Afrika imesogea kidogo katika miaka milioni chache iliyopita, hivyo lava changa za Bonde la Ufa zenye mwelekeo wa kawaida hufanana na nguo ya leo. Huwezi kujua umevua au hujavua. Tafuta vituo vilivyogeuzwa. Hivyo haviwezi kuwa uga wa leo.

Hatua ya 5: wastani

Wastani wa pembe hauchukuliwi kwa kujumlisha pembe. Nyuzi 350 na nyuzi 10 wastani wake ni kaskazini, si 180. Geuza kila mwelekeo kuwa vekta yenye urefu 1, jumlisha vekta, na urefu wa jumla uite R. N ni idadi ya mielekeo. Kwa takwimu za Fisher za mwaka 1953:

k = (N − 1) / (N − R)
alfa-95 ≈ 140 / √(kN)

k kubwa ni mkusanyiko mzuri, na alfa-95 ni nusu upana wa koni ambayo mwelekeo wa kweli una uwezekano wa asilimia 95 wa kuwa ndani yake. Mfano: vituo 20 vyenye k ya 30 vinatoa alfa-95 ya karibu nyuzi 5.7.

Panda ngazi kwa utaratibu: vipande huunda mche, miche huunda kituo, vituo huunda wastani wa mwisho. N ya mwisho ni idadi ya vituo. Anayetupa vipande vyake 160 vyote kwenye chungu kimoja anapata alfa-95 ndogo ya kupendeza, na ya uongo. Mitiririko inayofuatana yenye mwelekeo uleule pia ihesabiwe kama mmoja, maana ilitoka karibu kwa pamoja. Na mkusanyiko ukiwa mzuri kupita kiasi, k ya ncha za vituo (tutazihesabu katika hatua ya 7) ikivuka 70 hivi, usishangilie: huenda lava zote zilitoka kwa muda mfupi na kuyumba kwa uga hakujapata wastani.

Hatua ya 6: majaribio ya uaminifu

Mwelekeo thabiti si lazima uwe wa kale. Mwamba unaweza kupashwa upya na kusahau yote.

Jaribio la mkunjo: kama tabaka zimekunjwa, zinyooshe kimahesabu. Mielekeo ikikusanyika zaidi baada ya kunyooshwa, sumaku ni ya kabla ya mkunjo. Ikitawanyika, ni ya baada yake. Kwenye lava zilizolala za Mahabaleshwar jaribio hili halina kazi.

Jaribio la kugeuka: vituo vya kawaida na vilivyogeuzwa vitofautiane nyuzi 180, ndani ya kosa la vipimo. Vikitofautiana 165, bado kuna nguo ya leo hujaimaliza. Hiyo huvivuta vyote upande mmoja.

Jaribio la kuungua: katikati ya lava za Deccan mna matabaka membamba ya udongo mwekundu uliookwa na lava ya juu yake. Udongo uliookwa uwe na mwelekeo wa lava iliyouoka, na ule ulio mbali na moto uwe na wake. Kwenye daiki (ukuta wa lava iliyopenya ufa wa mwamba) fanya vivyo hivyo: chukua sampuli kwenye daiki, kando yake, na mbali, umbali unaozidi upana wa daiki yenyewe. Bernard Brunhes, aliyegundua nchini Ufaransa mwaka 1906 kwamba uga wa dunia uliwahi kugeuka, alitegemea udongo uliookwa na lava.

Jaribio la kokoto: kwenye mwamba wa kokoto zilizogandamana, kila kokoto iwe na mwelekeo wake. Zikikubaliana, zote zimeandikwa upya baada ya kugandamana, na miamba ya jirani ishuku.

Hatua ya 7: kutoka pembe hadi ncha

Chukua D = 335, I = −48 kwa Mahabaleshwar. Tan ya −48 ni −1.111, nusu yake −0.555, latitudo ya kale ni −29. Umbali hadi kwenye ncha ya sumaku ya wakati huo (p) ni 90 + 29 = 119. Hapa chini λs na φs ni latitudo na longitudo ya kituo, λp ni latitudo ya ncha, na β ni pembe ya kutafutia longitudo yake.

sin λp = sin λs · cos p + cos λs · sin p · cos D
= 0.307 × (−0.485) + 0.952 × 0.875 × 0.906 = 0.605

Latitudo ya ncha ni karibu 37 kaskazini. Kisha:

sin β = sin p · sin D / cos λp = 0.875 × (−0.423) / 0.796 = −0.464, β = −27.7

Hapa ndipo watu huteleza. Ikiwa cos p ni sawa na au inazidi sin λs · sin λp, longitudo ya ncha ni φs + β. Ikiwa ni ndogo, ni φs + 180 − β. Kwetu −0.485 ni ndogo kuliko 0.186, hivyo 73.7 + 180 + 27.7 = 281.4 mashariki. Ncha ya Deccan iko 37 kaskazini, 281 mashariki, upande wa Amerika Kaskazini. Ncha ya dunia haikuhamia huko. Ni India iliyohama, na ukiirudisha ncha mahali pake, India inarudi kusini nayo.

Mkengeuko wa 335 nao una habari: India imezunguka karibu nyuzi 25 kinyume cha saa tangu hapo. Latitudo imebadilika 29 + 17.9, karibu 47. Kwa kilomita 111 kwa kila nyuzi ni kilomita 5,200, na kwa miaka milioni 66 ni wastani wa sentimita 8 kwa mwaka. Huo ni wastani tu. India ilikimbia zaidi kabla ya kugonga Asia, ikapunguza mwendo baadaye, na ncha moja haiwezi kukuonyesha hilo. Zinahitajika ncha za umri mbalimbali.

Kosa la latitudo ni alfa-95 × (1 + 3cos²p) / 2. Kwa alfa-95 ya 5.7 hapa ni karibu nyuzi 5, yaani kilomita 540. Miamba iliyoundwa karibu na ikweta ina bahati: kosa hushuka hadi nusu ya alfa-95. Hasara yake ni kwamba mwinamo ukiwa karibu na sifuri, hujui uko upande gani wa ikweta.

Miamba ya mashapo inahitaji marekebisho zaidi. Uzito wa matope hulaza chembe, na mwinamo husomeka mdogo kuliko ulivyokuwa: tan ya mwinamo huzidishwa na f, ambayo kwa mchanga mwekundu mara nyingi ni 0.4 hadi 0.6. Mwinamo wa kweli wa 48 kwa f ya 0.6 utausoma 34, na latitudo itatoka 18 badala ya 29. Ni kosa la kilomita zaidi ya 1,100, na alfa-95 haitakuonya.

Hatua ya 8: kuunganisha na umri na mabamba mengine

Ncha isiyo na umri haiwekwi kwenye ramani. Lava hupimwa kwa argoni; zirikoni, chembe ngumu za madini ndani ya mwamba, hupimwa kwa urani na risasi. Umri uwe wa mwamba uleule, si wa mlima wa jirani.

Panga ncha za bara moja kwa umri na utapata njia ya ncha. Njia ya India na ya Afrika hazilingani, lakini ukilirudisha bara moja kando ya lingine kabla ya Bahari ya Hindi kufunguka, sehemu zake za kale hulaliana. Programu ya GPlates hufanya kazi hii bure, na programu nyingine, PmagPy, hushughulikia hatua za 4 hadi 7.

Njia hiyo pia ndiyo inayoamua swali la kugeuka. D = 155, I = +48 ingeweza kumaanisha India ya kaskazini iliyozungushwa nyuzi 155. Njia ya ncha za umri mdogo na mistari ya sumaku ya sakafu ya bahari inakubali jibu moja tu: India ya kusini, uga uliogeuka. Kwa miamba ya miaka milioni 800 kama ya Gagwe, ambako njia ina mapengo marefu na sakafu ya bahari ya wakati huo imeshapotea, usichague kwa kubahatisha. Chora ramani zote mbili.

Longitudo haimo. Sumaku mche iliyo sambamba na mhimili ni sawa pande zote, kwa hiyo D na I haziwezi kusema bara lilikuwa mashariki au magharibi kiasi gani. Longitudo hutoka kwenye sakafu ya bahari, au kwenye nyayo za volkano zinazolishwa kutoka chini kabisa ya dunia, kama ile ya kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, inayodhaniwa kuwa mama wa Deccan. Réunion leo iko nyuzi 21 kusini. Lava zinasema 29. Pengo hilo la nyuzi 8 linazidi kosa la kawaida la vipimo, na ndiyo sababu wengi hawaichukulii tena volkano ya namna hiyo kuwa msumari usiosogea.

Unapochapisha, toa jedwali la kila kituo: majiranukta, mlalo wa tabaka, idadi ya miche iliyopimwa na iliyotumika, D na I kabla na baada ya kusahihisha mlalo, k, alfa-95, na ncha ya kituo. Vituo ulivyovitupa viwemo pia, na sababu yake kando.